Wino wa Masizi na Gundi

Mama husema mimi sikuumbiwa kiti. Nakula nimesimama, na nikizungumza na simu naizunguka karakana nikipangusa vioo ambavyo nimeshavipangusa. Karakana yenyewe ni ya fremu, ipo Wadi Kabir, hapa Muscat, imebanwa na mafundi magari huku na huku, na aliyeianzisha ni marehemu baba. Kazi zetu nyingi ni aya za Kurani za kutundika sebuleni na majina ya Mwenyezi Mungu ya zawadi za harusi. Kwa hivyo adabu ya jina la Mungu kwangu ni sehemu ya ufundi, sawa na kujua kukata kioo. Mabaki ya karatasi yenye jina Lake hatuyachanganyi na taka. Tunayaweka kwenye mkebe, na mkebe ukijaa nayachukua nyumbani Mabela, mama anayaloweka mpaka wino utoke wote, na maji yale tunaumwagia mlimau. Ndivyo walivyofanya kwao Unguja, ndivyo tunavyofanya.

Yule bibi aliingia mchana, wakati wa joto lile linaloifanya hata lami inuke. Mimi nilikuwa nazozana na mama kwenye simu kuhusu dawa zake za presha. Mzungu, mtu mzima wa makamo ya mama, kofia ya majani kichwani, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo jeupe. Nikamwambia kwa Kiingereza akiweke mezani. Akaitazama meza yangu: kikombe cha chai, kipande cha mkate, chupa ya gundi, futi ya chuma. Akanijibu kwa Kiswahili, tena kile cha walowezi wa Kenya wa zamani.

"Wewe toa chai kwanza. Toa na mkate. Hii kitu hapana weka na chakula."

Mama alisikia kwenye simu. "Nani huyo?"

"Mteja."

"Kiswahili chake kinachechemea, maskini. Mpe kiti."

Nikampa kiti, nikaipangusa meza, na bado hakukiweka mpaka nilipotandika kitambaa safi. Nilianza kuona udhia. Nina wateja wa kila namna na wote wana haraka, na mimi nina haraka kuliko wao.

Alikuwa Myahudi. Alizaliwa Nairobi, baba yake fundi saa, na Kiswahili kile alikiokota jikoni na bustanini kwao akiwa mtoto, hakikuwahi kusahihishwa na mtu. Mumewe alikuwa mtaalamu wa miamba aliyekuja Muscat kwa kazi, na sasa walikaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, wawili peke yao. Haya yote aliniambia huku anafungua taulo polepole mno, nami nasimama kwa mguu huu, nahamia ule.

Ndani mlikuwa na fremu ya zamani, kioo kimetoka jasho, na nyuma ya kioo kipande cha ngozi iliyoandikwa. Juu kabisa zilikaa herufi kubwa nne nyeusi, na chini yake mstari mdogo unaosema, alivyonieleza, kwamba mtu amemweka Mungu mbele yake daima. Unyevu ulikuwa umepanda kutoka chini na ukungu wake ulikaribia maandishi. Zile herufi nne, alisema, ndizo jina lenyewe la Mungu.

"Linasomwaje?" nikauliza.

"Hapana somwa. Sisi tunasema jina ingine. Ama tunasema tu, Ile Jina."

Aliyeandika ni baba yake. Kabla ya kugusa kalamu alioga, akasema kwa sauti kwamba analiandika kwa utakatifu wake, na akishaanza haachi katikati. Hata mfalme akija akamsabahi, haitikii mpaka amalize. Nikamuuliza ni mfalme gani huyo aliyekuwa anapita kwa fundi saa Nairobi. Alinitazama kwa ukali, kisha akacheka mpaka akavua kofia, na kuanzia hapo nikampenda.

Nikauliza wino ni wa nini, maana kazi ya unyevu inategemea wino.

"Masizi na gundi. Alipika mwenyewe jikoni. Mama yangu alikasirika sana."

Wino wa masizi na gundi hauvumilii maji hata kidogo. Nikamwambia ngozi itatoka kwenye fremu, ikauke mahali pasipo na vumbi, kisha niitie fremu mpya yenye nafasi ya hewa. Akauliza itakuwa tayari lini. Nikasema wiki ijayo. Akatikisa kichwa.

"Alhamisi wanapasua mume yangu. Moyo." Aligusa kifua chake mwenyewe. "Tangu tumeoana, asubuhi akifungua macho, anaona hii kwanza. Ameniambia, leta, nataka kuona kabla wanipeleke ndani. Yeye hapana sema anaogopa. Lakini anaogopa."

Nikaahidi Jumatano jioni. Akasimama, akaniwekea masharti yake akiyahesabu kwa vidole. Hapana weka chini. Hapana weka kitu juu yake. Hapana acha hapa usiku, mahali ya magari na mafuta. Na hapana futa, hata kidogo, hata kwa kitambaa, kwa sababu kulifuta lile jina ni dhambi kubwa. Likichakaa, linazikwa ardhini kama mtu.

Baadaye akanitumia ujumbe wa kunishukuru kwa Kiingereza. Neno la Mungu aliliandika akairuka herufi ya katikati, akatia kistari mahali pake. Nikadhani kidole kimemteleza. Ujumbe wa pili, vilevile. Nikamuuliza, akajibu kwamba simu inafutwa, na yeye hataki kuandika kitu ambacho kesho mtu atakifuta. Nikayafikiria mabango yetu ya barabarani na mabasi yaliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu mbele na nyuma. Huyu bibi lazima anakaa Muscat mwaka mzima akihuzunika.

Ngozi nikaichukua Mabela, kama alivyotaka. Niliiweka kiti cha mbele, nikaifunga mkanda, na njia nzima mguu wangu haukutulia. Siku zile simu zilijaa habari za vita, na watu walikuwa wepesi wa kumuuliza mwenye kitu cha Kiyahudi anamfanyia nani kazi. Mtu akiniuliza ningemjibu vibaya, najijua, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nyumbani nikaitandaza juu ya kabati la vitabu la mama, mahali pa juu kuliko pote nyumbani isipokuwa rafu ya msahafu, kati ya vitambaa viwili vyeupe.

Mama hakosi kuuliza, na asubuhi yake akaanza, nami namjibu huku natembea.

"Ni ya yule bibi wa jana? Imeandikwa nini?"

"Jina la Mungu, kwa lugha yao. Mayahudi."

"Aaa. Lugha ya Nabii Musa." Akaitazama kwa heshima. "Na mumewe mgonjwa?"

"Anapasuliwa moyo Alhamisi. Ndiye anayeingoja."

"Anaingoja. Masikini. Na aliyeandika nani?"

"Baba yake. Mcha Mungu. Alikuwa anakoga kabla ya kuandika."

"Kwa wino gani?"

"Masizi na gundi. Aliupika mwenyewe."

"Kama wa baba yangu," mama akasema, akaanza hadithi ya babu yangu, jinsi watu wa mtaa mzima walivyokuwa wakimjia na wagonjwa wao. Hadithi ile naijua. Babu alikuwa mwandishi wa kombe: anaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, anaiosha kwa marashi ya mawaridi, na mgonjwa anayanywa yale maji. Wapo hapa Oman wanaosema ni uzushi, na mama huwajibu kwamba basi wasiugue. Sikumaliza kusikiliza. Nilikuwa tayari nimeshika funguo, kwa sababu mbao za fremu zilikuwa zinaningoja karakana na mimi kungojesha siwezi, na kungoja siwezi vilevile.

"Hukai ukamsikiliza mtu," alisema nyuma yangu.

Niliporudi Jumanne alasiri, nilimkuta mezani. Sahani nyeupe mbele yake, marashi yananuka nyumba nzima, na yeye amevaa nguo yake ya kusalia. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya kioo yenye maji ya kijivu, anaifunga kifuniko kwa uangalifu. Ngozi ilikuwa imelazwa juu ya taulo jeupe, imejikunja pembeni, na haikuwa na kitu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemtengenezea kombe mumewe yule bibi. Usiniangalie hivyo. N'nalijua n'nalolifanya. Nimetia udhu, nimesoma Fatiha, halikudondoka hata tone."

Nilikwenda mpaka mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Kisha nikasema mengi, na kwa sauti ambayo mtoto hamsemeshi mzazi. Nikamwambia mtu yule aliniamini. Nikamwambia kwao kulifuta ni dhambi, na likichakaa wanalizika.

"Nani aliyefuta?" Mama alikuwa ameghadhibika na yeye sasa. "Mtu anafuta kwa kitambaa, anakitupa. Mimi sikulitupa. Limo humu. Umeniambia mgonjwa analingoja, jina limeandikwa na mcha Mungu, kwa wino safi. Kwani aliileta ya nini?"

"Atiliwe fremu, mama. Mumewe aiangalie."

"Aiangalie tu?" Alinitazama kweli kweli, na nikaona kwamba jambo hilo halikumpitia akilini kabisa. Kwake yeye jina la Mungu mbele ya mgonjwa lina kazi moja, kumwingia mgonjwa mwilini.

Nilitoka nikaendesha gari bila ya pa kwenda, nikapita Mabela barabara kwa barabara, nyumba mpya na viwanja vya mchanga, nikarudi palepale. Nilikuwa na hasira na mama, na hofu zaidi ya hasira. Na nilikuwa na wazo. Zile herufi nne ziko kwenye mtandao. Mchapishaji yeyote angenitolea kwa saa moja, juu ya karatasi nzito inayofanana na ngozi, na bibi mwenyewe macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Nililigeuza wazo hilo mpaka nikachagua na duka. Kisha nikamkumbuka fundi saa wa Nairobi anayekataa kumwitikia mfalme, nikaona aibu. Mashine ya kuchapisha haiogi. Mgonjwa angefungua macho yake ya mwisho, pengine, akaangalia uongo wangu akidhani ni Mungu.

Asubuhi nikasema nakwenda kumwambia bibi. Mama alikuwa ameshavaa.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kosa si lako. Nitalisema mwenyewe."

Barabara kuu asubuhi ni mateso kwa mtu kama mimi. Nilibadilisha njia kila nilipoona upenyo na sikufika mapema hata hivyo. Mama alikaa nyuma na chupa yake. Mbele palikuwa na ngozi katika taulo, na kwenye buti fremu mpya, ambayo niliimaliza usiku kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure.

Tulimkuta bibi mlangoni kwake, mkoba begani, kofia kichwani, anatafuta teksi kwenye simu. Alipoliona gari langu uso ulimfunguka.

"Mungu amekuleta. Wamesogeza. Ni leo, wanampeleka ndani leo mchana. Iko wapi?"

Nikampa taulo. Akalifungua hapohapo, juani, kisha akaingia nalo ndani kivulini, kama vile labda ni jua. Akaigeuza ngozi upande wa pili. Akaigeuza tena. Halafu akakaa chini, kwenye ngazi, akashika ukosi wa blauzi yake kwa mkono mmoja na kuuvuta mpaka ukachanika kidogo na kifungo kikadondoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo wanavyofanya kwa msiba. Wakati ule nilijua tu kwamba ni msiba.

Mama aliinama kwa shida, akakiokota kifungo.

"Bibi mwenzangu, ni mimi. Mwanangu hakuwepo. Nimeliosha nimpe mumeo anywe apone. Kwetu ndiyo dawa. Limo humu." Akamwonyesha chupa.

"Umefuta."

"Sikufuta. Nimelitia majini."

"Mama, maji ni maji." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba yangu alikufa. Hapana mtu ya kuandika tena."

Mama akakaa naye ngazini, yeye ambaye magoti yake hayamruhusu kukaa chini hata msibani. Sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtu radhi maishani mwangu. Alisema, "Nisamehe. Nilidhani nakuhurumia, na nimekuunguza." Bibi aliikodolea macho chupa, akapangusa pua, akasema kama anayegombana na mtu mwingine asiyekuwepo pale.

"Kuna mahali moja. Torati. Mungu anasema andika jina yangu, halafu osha na maji, ili mume na mke wawe na amani. Yeye mwenyewe anakubali wafute. Mahali moja tu." Kisha akamgeukia mama kwa hasira. "Lakini hiyo ni kazi ya kuhani. Si ya wewe."

"Sikujua kama ina mwenyewe," mama akasema.

Nilidhani atatufukuza, na angekuwa na haki. Akaitazama saa yake. "Fremu iko wapi?"

"Kwenye gari."

"Leta. Tia ndani."

"Nitie nini, bibi?"

"Ngozi. Tia."

Nilifanya kazi juu ya meza yake ya chakula, naye akisimama nyuma yangu, na vidole vyangu, ambavyo haviniangushi hata umeme ukikatika, vilipinda pini mbili. Kioo kilipokaa niliiinua fremu kuelekea dirishani. Ukiitega hivi, mwanga ukipita kwa ubavu, unaona kivuli cha kahawia hafifu mahali zilipokuwa herufi, ngozi ilipokumbuka wino. Ukiinyoosha, hakuna kitu. Bibi akaipokea, akaitega vilevile.

Nikawapeleka hospitali. Alikaa mbele na fremu imeegemea magoti yake, na chupa, aliyoichukua mkononi mwa mama, ameipakata. Nikamwonyesha pale pa kuwekea chupa, kati ya viti.

"Hapana. Hata kama hakuna jina tena. Ni maji tu," akasema. Kila nilipopita tuta aliweka kiganja juu ya kifuniko, ingawa kilikuwa kimefungwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya udereva nilikwenda taratibu, magari yakinipigia honi huku na huku. Mama nyuma alikuwa akisoma dua chini kwa chini. Sijui alikuwa anamwombea mgonjwa au anajiombea mwenyewe.

Kwenye maegesho akatoka. Fremu ilikuwa kubwa, ilitaka mikono miwili. Akaitazama chupa, akatazama kiti, akatazama paa la gari lililokuwa likiunguza, akatazama lami. Mlinzi mlangoni alikuwa ameshaanza kutupungia tuondoke. Akamgeukia mama yangu.

"Mama, shika. Hapana weka chini."

Mama akaipokea kwa mikono yote miwili. Yule bibi akaingia ndani akitembea upesi, fremu kifuani, ukosi wake umechanika.

Nikalisogeza gari, nikamwambia mama akae ndani kwenye kiyoyozi. Akakataa. Alisema alipokabidhiwa ndipo atakaposimama, asije bibi akatoka akamkosa. Basi tukasimama chini ya kivuli chembamba cha ukuta, nami nikaanza kwenda na kurudi, mlangoni, kwenye gari, mlangoni, natazama simu ambayo haikuwa na kitu. Nilijiuliza mtu anampelekaje mumewe ngozi tupu saa kama ile. Nilijiuliza kama amempelekea ili amwonyeshe alichofanyiwa. Mama akaanza kuuegemea ukuta, maana si mtu wa kusimama tena, na jasho lilikuwa likimwingia machoni asiweze kulipangusa.

"Nipe mimi," nikasema.

Alinitazama miguu kwanza, kisha uso. "Utatulia?"

"Nitatulia."

Akanipa. Ilikuwa ya moto kwa jua na nyepesi kuliko nilivyodhani, na marashi yalinuka kupitia kifuniko. Nikaishika kwa mikono miwili, nikasimama. Simu ililia mfukoni, ikanyamaza, ikalia tena. Mteja wa Wadi Kabir, bila shaka, na kazi yake ilikuwa ya jana. Sikuondoka pale nilipokuwa.

Bibi alipotoka hakuwa na fremu. Macho yake yalikuwa mekundu na kofia ameisahau ndani. Mama hakungoja salamu.

"Ameona? Amesema nini?"

"Ameshika. Ametega kwa dirisha, ametazama sana. Nimemwambia yote. Hapana kasirika. Ameuliza tu maji iko wapi."

Akanyoosha mikono yake, nikampa chupa.